Mzazi anahitaji makao ya wazee hapa Marekani: bili analipa nani na uanzie wapi

Wengi wetu tulioko huku tumeosha wazee, tuache kujificha. Mimi nimefanya hiyo kazi Minnesota miaka tisa, mara nyingi usiku, na bado siku mama yangu alianguka jikoni akavunja nyonga, Machi 2025, nilikuwa sijui kitu. Kumgeuza mgonjwa kila masaa mawili asitoke vidonda najua, kumlisha mtu asiyemeza vizuri najua, lakini karatasi za malipo? Hapana. Ijumaa saa tisa mchana soshowaka wa hospitali ananipigia, Jumatatu mama anatoka, chagua mahali pa kumpeleka. Ndio hivyo huwa inaanza, na wewe uko kazini umeshika simu kwa bega.

Bei kwanza ili tuelewane. Chumba cha kushea watu wawili, kwa wastani wa nchi nzima, kinapita dola 9,000 kwa mwezi. Kwa mwezi, si kwa mwaka. Harambee ya WhatsApp haiwezi hiyo kitu, usijaribu.

Sasa kuna Medicare na kuna Medicaid, na watu wetu huchanganya hizo mbili kila siku. Medicare ni bima ya waliofika miaka 65 (na baadhi ya walemavu). Medicaid ni ya wenye kipato kidogo, inaendeshwa na jimbo kwa hivyo sheria zinabadilika ukivuka mpaka, hata jina hubadilika, hapa Minnesota inaitwa Medical Assistance, watu wanasema MA, California ni Medi-Cal.

Medicare HAILIPI mtu kuishi makao ya wazee. Inalipa muda mfupi wa kupona, fizio na uuguzi, mpaka siku 100, na hapo kuna masharti. Siku 20 za kwanza hulipi kitu. Siku ya 21 mpaka ya 100 unachangia kila siku, 2025 ilikuwa dola 209.50. Baada ya hapo yote ni yako. Mama alikaa siku 41, kwa hivyo siku 21 tulilipa wenyewe, karibu dola 4,400, mimi na ndugu zangu wawili tukachanga. Baadaye ndio naambiwa kuna msaada unaitwa Qualified Medicare Beneficiary, QMB, wa wazee wenye kipato kidogo, ungefunika huo mchango wote na hata malipo ya kila mwezi ya Medicare. Hatukuwa tumeomba. Iko kila jimbo. Omba leo kama mzazi wako kipato chake ni kile cha kununua dawa na airtime, usingoje aanguke.

Na hizo siku 100 hupati bure bure. Kwa Medicare ya kawaida lazima mzee awe amelazwa hospitali siku tatu mfululizo kwanza, na hapa ndio watu wanaumia: mtu anaweza kulala kitandani wodini siku nne, amewekewa dripu na kila kitu, kumbe kwenye faili wameandika "observation", maana yake hakulazwa rasmi, na hizo siku hazihesabiki. Uliza kila siku, kwa adabu lakini uliza: mama ameandikwa "inpatient" au "observation"? Kama ni hiyo ya pili mwambie daktari aangalie tena kabla hajatoka, akishatoka ni ngumu. Hizi Medicare za kampuni binafsi, Medicare Advantage, nyingi zinasamehe hizo siku tatu lakini zinataka kibali chao na mara nyingi zinakata mapema. Wakikata utapewa karatasi siku mbili kabla, ina namba ya kukata rufaa, na mwisho wa kupiga ni saa sita mchana ya siku inayotangulia siku ya kukatwa. Piga. Haikugharimu kitu.

Kama mzazi umemleta juzi kwa grini kadi ni hadithi nyingine. Medicare ya bure ni kwa mtu aliyefanya kazi hapa kama miaka 10, yeye au mume/mke wake. Kazi yako wewe mtoto haimsaidii. Asipokuwa nayo anaweza kununua akifika 65 na awe ameishi hapa miaka mitano mfululizo na grini kadi, na Part A peke yake, ile sehemu ya hospitali, 2025 ilikuwa mpaka dola 518 kwa mwezi. Medicaid nayo, miaka mitano ya kwanza ya grini kadi majimbo mengi hayampi. Halafu kumbuka ile fomu I-864 ulisaini ukimleta, ile uliahidi utamtunza? Kipato chako kinaweza kuhesabiwa kana kwamba ni chake mpaka apate uraia. Kwa hivyo uraia si wa kupiga picha na bendera tu, ni wa hii maneno, na mzee mwenye demenshia daktari anaweza kumjazia fomu N-648 asamehewe mtihani wa uraia.

Ndugu zetu wa Congo na Burundi waliokuja kama wakimbizi, nyinyi hiyo miaka mitano haikuwa inawahusu. Lakini sheria iliyosainiwa Julai 2025 inabadilisha, kuanzia 1 Oktoba 2026 hadhi ya ukimbizi peke yake haitoshi kupata Medicaid ya serikali kuu. Mzee akimaliza mwaka mmoja hapa apeleke maombi ya grini kadi, msikae nayo kwa droo.

Haya, Medicaid yenyewe, kwa sababu ndiyo inalipia zaidi ya nusu ya wazee walio kwa haya makao. Mzee asiye na mwenzi lazima awe na akiba ndogo sana, majimbo mengi ni dola 2,000, Minnesota 3,000. Pensheni yake karibu yote inaenda kwa bili, anaachiwa kapesa kadogo ka matumizi, serikali kuu inasema isipungue dola 30 kwa mwezi. Kama baba yuko nyumbani na mama ndiye anaingia, baba haachwi mkavu, sheria ya 1988 inamlindia sehemu ya mali na nyumba. Nyumba lakini, wote wakishafariki jimbo linaweza kudai pesa yake kutoka kwa urithi, mjue hivyo mapema msije mkagombana matangani.

Na hapa nataka mnisikize vizuri. Wanaangalia nyuma miaka mitano. Kila pesa mzee alipeana bure, kila ploti aliandikisha mtoto kwa bei ya urafiki, inaweza kuhesabiwa kama zawadi na mzee akapewa adhabu ya miezi Medicaid hailipi. Sasa fikiria sisi tunavyoishi. Mama anatumia kaka yako doh ya kumalizia nyumba kule Kitale, analipia wajukuu fees, anachangia matanga na harusi, yote kwa M-Pesa au kwa zile app za kutuma, na yote ina rekodi kwa benki. Kwetu hiyo ni kuwa mtu. Kwa mfanyakazi wa kaunti anayekagua maombi ya Medicaid hiyo ni mali imetolewa. Na shamba lenye jina lake nyumbani nalo ni mali, usilifiche kwa fomu ukidhani Marekani haioni mpaka Trans Nzoia, kudanganya kwa hiyo fomu ni kosa la jinai. Nenda kwa wakili wa mambo ya wazee, "elder law", peleka stetimenti na taitoldidi, mapema. Kuna legal aid ya bure kwa wenye miaka 60 na zaidi.

Siku ya kumwingiza utapewa fungu la karatasi kama Biblia. Usisaini mahali pameandikwa "responsible party", yaani mwenye kubeba bili, bila kusoma. Sheria ya nchi inakataza makao yanayopokea Medicare au Medicaid kukulazimisha uwe mdhamini wa bili kwa mfuko wako, lakini ukisaini kwa hiari yako umejiingiza. Kama una power of attorney, ile karatasi ya kukuruhusu kusimamia mambo yake, saini jina la mzazi halafu lako na uandike wewe ni wakala wake. Na kuna majimbo yenye sheria za watoto kulipia wazazi, Pennsylvania mwaka 2012 mahakama ilimbana mtoto kwa bili ya mamake ya karibu dola 93,000. Kwa hivyo usiache bili ilale bila kuomba Medicaid.

Msaada wa karibu na wewe: namba ya kwanza ni Eldercare Locator, 1-800-677-1116, unawapa zip code wanakuunganisha na Area Agency on Aging, ofisi ya mambo ya wazee ya eneo lako, hao ndio wanajua chakula cha kuletewa nyumbani, usafiri wa kliniki, mtu wa kukushikia mzee ulale. Minnesota piga Senior LinkAge Line, 1-800-333-2433. Uliza pia SHIP, washauri wa Medicare wa bure ambao hawauzi bima, wale wanaokupigia wewe jioni wanauza. Sema unataka mkalimani wa Kiswahili, hospitali na ofisi zinazokula pesa ya serikali kuu zinatakiwa kumtoa bila kukulipisha, usimfanye mtoto wa miaka kumi na mbili amtafsirie nyanyake mambo ya kibofu.

Na uliza kama mzee anaweza kubaki nyumbani. Sisi ndivyo tulifanya. MA ilipokubali, mfanyakazi wa kaunti akaja kumpima mama anahitaji nini, sasa yuko kwa CFSS, programu ya Minnesota ya kutunza mtu nyumbani, na dada yangu analipwa masaa ya kumtunza, kazi aliyokuwa anafanya bure. Majimbo mengi yana kitu kama hicho. Kuna pia PACE, programu ya matunzo ya mchana kwa wenye miaka 55 kwenda juu, gari inamchukua asubuhi anarudi jioni, lakini haiko kila mahali.

Ikibidi makao, angalia nyota kwa Care Compare kwa tovuti ya Medicare, halafu usiziamini sana, nyingine zinatokana na ripoti za makao yenyewe. Nenda Jumapili jioni bila kupiga simu. Nusa korido. Hesabu taa za kuita nesi zilizowaka na dakika zinakaa. Muulize mwenye kuosha, si meneja, usiku ana wazee wangapi. Akicheka umejibiwa. Ukishamweka na mambo yaharibike, kila jimbo lina ombudsman wa makao ya wazee, yaani mtetezi wa kupokea malalamiko, bure, namba yake lazima ibandikwe ukutani.

Na chakula cha kutoka nyumbani uliza wanakiruhusu vipi. Mama zile siku 41 alikula ugali na sukuma kila Jumapili, na chai tulikuwa tunabeba kwa thamosi, kwa sababu ya pale aliita maji ya moto yenye kamfuko.