Amplifaya ya hedifoni za mgongo wazi: pima volti zako kwanza, ndipo ununue

Mtu akishatoa pesa nyingi kwa hedifoni za mgongo wazi (zisizozibwa nyuma ya spika) kama Sennheiser HD 800 S, Focal Utopia au Hifiman Susvara, swali linalofuata huwa lilelile: "Amplifaya ya wati ngapi?" Hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu wati peke yake haikuambii kitu. Hedifoni mbili za bei inayokaribiana zinaweza kutofautiana mara mia katika nguvu zinazohitaji. Mwongozo huu unakufikisha kwenye namba mbili tu, yaani volti na miliampia unazohitaji wewe, kwa muziki wako na masikio yako. Ukizipata hizo, duka lote linabaki na amplifaya chache za kuchagua.

Hatua ya 1: Soma unyeti wa hedifoni, na uangalie umeandikwa kwa kipimo gani

Tafuta mambo mawili kwenye karatasi ya mtengenezaji: impidansi (ukinzani wake kwa umeme wa sauti) kwa omu, na unyeti (ukubwa wa sauti inayotoa kwa umeme fulani) kwa desibeli (dB). Mtego uko kwenye unyeti. Wengine huuandika kwa kila miliwati moja, wengine kwa kila volti moja, na wengine huandika desibeli tu wakanyamaza. HD 800 S ni omu 300 na dB 102 kwa volti 1. Utopia ya kwanza ni omu 80 na dB 104 kwa miliwati 1. Ukizilinganisha hizo namba zilivyo, utadhani zinakaribiana. Hazikaribiani hata kidogo.

Kugeuza kutoka miliwati kwenda volti, gawa 1000 kwa impidansi, chukua logi ya jibu, zidisha kwa 10, kisha ongeza kwenye unyeti. Kwa omu 300 unaongeza 5.2, kwa omu 80 unaongeza 11, kwa omu 20 unaongeza 17. Kwa hiyo Utopia ni dB 115 kwa volti 1, inaizidi HD 800 S kwa dB 13.

Hatua ya 2: Hesabu ya haraka

Lenga vilele vya dB 110. Hicho si kiwango cha kusikiliza. Ni nafasi ya mdundo mmoja wa ngoma kuu ya okestra huku wastani ukiwa chini sana. Kumbuka kila dB 6 ni volti mara mbili, na kila dB 10 ni nguvu mara kumi.

HD 800 S: inakosa dB 8 kufika 110, sawa na volti 2.5, miliwati 21, miliampia 8 (volti gawa kwa omu, zidisha kwa 1000). Utopia: volti 0.57 na miliwati 4 tu. Susvara, yenye omu 60 na dB 83 (ihesabu kwa miliwati): volti 5.5, miliwati 500, miliampia 91. Umeona? Susvara inakula nguvu zaidi ya mara mia moja ya Utopia, na zote huitwa "za hali ya juu".

Hatua ya 3: Pima volti unazotumia kweli

Hesabu ya hatua ya pili inakupa makisio. Hatua hii inakupa ukweli, na ndiyo watu wengi huiruka au kuikosea, kwa hiyo isome hadi mwisho kabla ya kugusa waya.

Unahitaji maltimita ya kawaida yenye volti za AC, plagi ya milimita 6.35 yenye nyaya tatu zilizolehemiwa (ncha, pete na shina), na faili ya toni. Toni itengeneze kwa Audacity: wimbi la sine, hezi 60, sekunde 60, ihifadhi kama WAV. Angalia sehemu ya ukubwa wa wimbi: Audacity huweka 0.8 yenyewe. Ibadilishe iwe 1. Ukiiacha 0.8, vipimo vyako vyote vitakuwa chini kwa asilimia 20 na hutajua kosa limetoka wapi.

Kwa nini hezi 60 na si 1000? Maltimita za bei ya chini husoma AC kwa usahihi jirani na masafa ya umeme wa ukutani. Nyingi zikipelekwa hezi 1000 hudanganya, na hazikuonyeshi kwamba zinadanganya.

Sasa vaa hedifoni na uweke rekodi iliyorekodiwa kwa sauti ya chini kuliko zote ulizonazo. Okestra au kwaya isiyobanwa inafaa. Muziki wa dansi wa siku hizi haufai, kwa sababu umeshapandishwa hadi dari tangu studio na nobu yako haitasogea. Panda mpaka kiwango cha juu kabisa ambacho ungewahi kusikiliza, kile cha siku ile moja nyumba ikiwa tupu. Acha nobu hapo. Usiiguse tena.

Vua hedifoni na uichomoe kwenye amplifaya. Hili nalisisitiza: toni ya hezi 60 iliyojaa, kwenye kiwango hicho, inausukuma utando wa hedifoni kuliko muziki wowote utakaoupiga. Chomeka plagi yako ya vipimo. Piga toni. Soma volti za AC kati ya ncha na shina (kushoto), kisha kati ya pete na shina (kulia). Usichokoe soketi kwa sindano za maltimita moja kwa moja, maana sindano ikiteleza na kugusisha ncha na shina umeshafanya shoti kwenye tokeo la amplifaya.

Namba unayoiona ndiyo dari. Muziki wa kidijitali hauwezi kuivuka toni hiyo, kwa hiyo amplifaya yako haitadaiwa zaidi ya volti hizo nobu ikiwa hapo.

Yanayoharibu kipimo ni haya. Kwanza, usawazishaji wa sauti ndani ya programu za muziki: ukiwa umewashwa kwa nyimbo na toni umeipiga kwa programu nyingine, unalinganisha vitu viwili tofauti. Uzime pande zote. Pili, ikweliza (kirekebishi cha besi na sauti kali). Ukiwa unaitumia kweli, iwe imewashwa wakati wa kuweka nobu, kisha uizime yote, pamoja na kile kipunguzo cha mwanzo, kabla ya toni. Wengi hushangaa hapa: ukiipandishia HD 800 S besi kwa dB 6 ni lazima upunguze kila kitu kwa dB 6 kwanza, na nobu inapanda kufidia, kwa hiyo volti unazohitaji zinakuwa mara mbili. Tatu, volyumu ya kompyuta iwe asilimia 100 mwanzo hadi mwisho. Nne, adapta nyingine za simu hazitoi sauti mpaka zihisi mzigo, basi unganisha rizista ya omu 33 kati ya ncha na shina, na nyingine kati ya pete na shina. Na ile ya Apple ya USB-C, ambayo hutoa volti 1 kwenye toleo la Marekani na takriban nusu yake kwenye toleo la Ulaya, kwenye simu nyingi za Android haifiki hata hapo. Tano, ikiwa amplifaya uliyonayo tayari imefika mwisho na sauti inakwaruza kwenye vilele, kipimo hiki kimekwama chini. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya pili.

Kwenye tokeo la balansi (lenye hasi yake kwa kila upande), pima kati ya chanya na hasi ya upande uleule. Kwa XLR ya pini nne, hiyo ni pini 1 na 2 kwa kushoto, 3 na 4 kwa kulia. Usitumie ganda la chuma kama hasi.

Ukishapata namba, izidishe kwa 2. Hiyo ni dB 6 ya akiba kwa rekodi ya chini zaidi utakayoinunua kesho. Zaidi ya hapo unalipia joto. Mfano: HD 800 S ikisoma volti 1.9, tafuta amplifaya inayotoa volti 3.8, yaani miliwati 48 kwenye omu 300. Susvara ikisoma 4.1, unatafuta 8.2: wati 1.1 kwenye omu 60, na miliampia 137.

Hatua ya 4: Soma tangazo la amplifaya kwa volti hizo

Muuzaji ataandika "wati 2". Uliza: kwenye omu ngapi, na kwa tokeo lipi? Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili, unapata volti. Wati 2 kwenye omu 32 ni volti 8, ambazo zinampa mwenye Susvara karibu dB 113. Wati 1 kwenye omu 16 ni volti 4 tu: kwenye omu 300 zinabaki miliwati 53. Kwa HD 800 S zinatosha kabisa, kwa Susvara zinapungua. Usikubali namba iliyojumlisha pande zote mbili, wala ya vilele.

Hatua ya 5: Geini

DAC (vifaa vinavyogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti) nyingi hutoa volti 2 kwa RCA na 4 kwa XLR. Gawa volti unazohitaji kwa hizo. Mwenye HD 800 S hapo juu anahitaji geini (kiasi amplifaya inavyozidisha volti) ya mara 1.9. Mwenye Utopia anahitaji chini ya 1, na akinunua amplifaya yenye geini ya mara 6 pekee, nobu itaishi kwenye kona yake ya mwanzo ambako kushoto na kulia havilingani, na mchemko wa kimya utasikika. Chagua amplifaya yenye swichi ya geini inayoshuka hadi 1.

Hatua ya 6: Impidansi ya kutokea

Kanuni ya kazi: impidansi ya tokeo la amplifaya isizidi moja ya nane ya impidansi ya hedifoni. Utopia, omu 10. HD 800 S, omu 37.

Sababu ni kwamba hedifoni za koili hazina impidansi moja. HD 650 ni omu 300 kwa jina, lakini jirani na hezi 100 hupanda hadi karibu omu 500. Iweke kwenye amplifaya ya valvu isiyo na transfoma ya kutokea, yenye omu 120: kwenye omu 300 inapoteza dB 2.9, kwenye kilele inapoteza 1.9 tu. Besi ya juu inavimba kwa dB 1. Huo ndio "ujoto wa valvu" unaosifiwa, na kwa HD 650 unapendeza kweli. Ila usiipeleke Audeze LCD-X ya omu 20 kwenye amplifaya hiyohiyo. Za planari (zenye utando bapa badala ya koili) impidansi yake imenyooka, kwa hiyo besi haitavimba, lakini utapoteza dB 17 na valvu hazitamudu mkondo.

Kuipima: punguza toni hadi volti 1 bila mzigo, kisha unganisha rizista ya omu 33 ya wati 1 na usome tena. Tofauti ya volti gawa kwa kipimo cha pili, zidisha kwa 33. Ikishuka hadi 0.943, amplifaya ina omu 2. Safi.

Binafsi, kwa hedifoni yoyote ya mgongo wazi napendekeza amplifaya ya transista yenye omu chini ya 1, na rangi ya sauti uitengeneze kwa ikweliza. Ikweliza unaizima ukiichoka. Valvu umeshainunua.

Hatua ya 7: Soketi

Waya wenye plagi ya balansi unaweza kuingia amplifaya ya 6.35 kwa adapta bila shida. Kinyume chake ni hatari: hedifoni ya plagi ya 6.35 kwenye tokeo la balansi la XLR au la milimita 4.4 kwa adapta inaunganisha hasi ya kushoto na ya kulia, na hizo zote ni tokeo hai. Amplifaya inaweza kuungua.

Hatua ya 8: Umeme, na kuwasha mara ya kwanza

Ukiagiza kutoka Marekani, tazama swichi ya 115/230 nyuma kabla ya kuchomeka kwenye umeme wa Tanzania (230) au Kenya (240). Amplifaya nyingine ndogo hutumia adapta inayotoa AC, si DC. Ikiungua, adapta nyingi utakazoonyeshwa Kariakoo au Luthuli ni za DC, hata kama plagi inaingia. Soma maandishi ya kutokea kwenye lebo: yaseme AC.

Kabla ya hedifoni kugusa amplifaya, hasa iliyotumika, iwashe dakika 15, nobu chini, weka maltimita kwenye volti za DC na upime kila upande. Chini ya milivolti 20 chomeka. Kati ya 20 na 50 pima tena kesho yake ikiwa baridi na ikiwa moto. Ikizidi 50, irudishe kwa aliyekuuzia.