Jinsi ya Kununua Mbao Mbichi Nairobi na Kuzikausha Kabla ya Kumpa Seremala

Mti ulio hai hubeba maji mengi kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika paini au saiprasi iliyoangushwa leo, maji peke yake yanaweza kulingana kwa uzito na mti wenyewe, na pengine kuuzidi. Gogo linapopasuliwa, maji hayo hubaki ndani ya mbao na kuendelea kutoka polepole, na kadiri yanavyotoka ndivyo ubao unavyosinyaa, unavyopinda au unavyopasuka. Ndiyo sababu meza iliyonunuliwa kando ya Barabara ya Ngong ikiwa imenyooka inaweza kufunguka mwanya katikati baada ya miezi michache, ilhali fundi alipiga randa vizuri na gundi yake haikuwa na kasoro. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua mbao mwenyewe, kuzikausha uani kwake, kisha kumkabidhi seremala mbao ambazo hazitabadilika sana.

Maji ya mti ni ya namna mbili. Kuna yale yaliyo huru katika matundu ya chembe (seli) za mti, ambayo hutoka mapema na kupunguza uzito bila kubadilisha umbo la ubao. Kuna pia yale yaliyoshikwa na kuta za chembe zenyewe, na haya huanza kutoka unyevu unapoteremka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Kuanzia hapo kila tone linalotoka huupunguza ubao. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kusumbua. Upana ndio unaoleta taabu, kwa kuwa mti husinyaa takriban mara mbili zaidi kwa kufuata mzingo wa pete zake za ukuaji kuliko unavyosinyaa kutoka gome kuelekea kiini. Tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ubao ujikunje, na uso uliokuwa upande wa gome ndio unaoingia ndani. Kwa samani za ndani ya nyumba jijini Nairobi, lenga unyevu wa takriban asilimia 12.

Katika yadi za Gikomba na Kariobangi utakuta zaidi saiprasi na paini, mkaratusi, na mukima (grevilea) unaotoka mashambani Murang'a, Kirinyaga na Embu, ambako hupandwa katikati ya kahawa na kwenye mipaka. Mvule na mahogani huletwa kutoka Uganda na Kongo, kwa bei inayolingana na safari hiyo. Tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, paini kutoka Tanzania, hasa ya upande wa Mafinga, imekuwa bidhaa ya kawaida Nairobi, na haikutoweka hata baada ya Rais kutangaza mwaka 2023 kwamba marufuku hiyo imeondolewa. Kwa anayeanza ningependekeza saiprasi: hukauka bila vituko vingi, hupokea randa vizuri, na harufu yake nyumbani si mbaya hata kidogo. Mkaratusi ungeachiwa mwenye uzoefu, kwa maana gogo lake huwa na mkazo ndani, na ubao wake unaweza kuanza kujipinda ukiwa bado kwenye meza ya msumeno.

Ukifika yadini, usiharakishe kuuliza bei ya futi. Muuzaji atakwambia, "Hizi zimekauka kabisa, mkubwa," na huenda anasema kweli kuhusu uso wa ubao tu. Nyanyua mbao mbili za kipimo kimoja, tuseme inchi 6 kwa 1 zenye urefu sawa na za mti uleule. Iliyo nzito zaidi kwa kawaida ndiyo yenye maji zaidi. Weka kiganja katikati ya ubao, mbali na ncha: ubao mbichi huhisi baridi. Kisha tazama ncha zake. Pete zikiwa zimesimama karibu wima kutoka uso mmoja hadi mwingine, ubao huo utatulia. Zikiwa zimelala kama upinde, tarajia ujikunje. Ubao uliobeba kiini chenyewe cha mti uache, kwa sababu karibu lazima upasuke. Madoa ya samawati kwenye paini hayaudhoofishi ubao kwa kiasi cha kutisha, lakini yanakuambia kwamba ulikaa ukiwa mbichi kwa muda mrefu bila hewa. Vitobo vidogo vyenye unga mpya chini yake ni jambo zito zaidi: mabungua wangali wanakula, nao watahamia kwenye fanicha yako. Mwishowe funga jicho moja na kuuangalia ubao kwa urefu wake, kama mafundi wafanyavyo, uone iwapo umenyooka. Omba risiti, na ikiwa mzigo ni mkubwa, hakikisha gari lina kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya cha kusafirisha mbao.

Kukausha kwenyewe huhitaji mpangilio zaidi ya vifaa. Tafuta mahali penye kivuli ambapo upepo hupita, nawe usizirundike mbao zikigusa ukuta wa mawe wala ardhi. Panga matofali au vipande vya nguzo kwa safu, ili rundo linyanyuke angalau sentimita 30, na uhakikishe kwa pima-maji kwamba safu zote ziko sawa, kwa kuwa ubao hukauka na umbo ulilolazwa nalo. Kabla ya kupanga, paka ncha zote za mbao rangi nzito ya mafuta iliyobaki nyumbani, au nta. Maji hutoka kwenye ncha kwa kasi kubwa sana kuliko yanavyotoka kwenye uso, na ncha isiyopakwa hupasuka kwanza, kisha ufa husafiri ndani.

Laza tabaka la kwanza, ukiacha nafasi ya kidole au viwili kati ya ubao na ubao. Juu yake weka vijiti vikavu vya inchi moja kwa moja, kimoja kila baada ya sentimita 45 hivi, na vile vya mwisho viwe karibu kabisa na ncha. Endelea tabaka baada ya tabaka, na kila kijiti kikae wima juu ya kilicho chini yake na juu ya msingi wa matofali. Hapa ndipo wengi hulegeza mkono. Kijiti kikihamishwa hata kwa upana wa kiganja, uzito wa rundo huukandamiza ubao mahali pasipo na tegemeo, nao hutoka na wimbi ambalo randa haiwezi kuliondoa bila kula nusu ya unene. Vijiti vibichi navyo huacha mistari ya madoa. Juu kabisa weka mawe mazito ili tabaka za mwisho zisipinde, halafu funika kwa mabati yanayozidi rundo pande zote. Usifunge pembeni kwa nailoni, kwa maana utakuwa umezuia hewa na kualika ukungu.

Majira yana usemi wao. Ukianza Januari, unapata wiki za ukavu kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei. Ukianza Juni, baridi na mawingu huchelewesha kazi, ingawa ucheleweshaji huo ni salama kuliko jua kali linalokausha uso huku katikati kukiwa bado kumelowa. Saiprasi ya unene wa inchi moja yaweza kuhitaji miezi miwili au mitatu. Mbao ngumu za inchi mbili huchukua muda mrefu zaidi, hata mwaka.

Tarehe isikudanganye, tumia mizani. Kata kipande chembamba kutoka ndani ya ubao, futi moja kutoka ncha, na ukipime mara moja. Kiweke katika oveni kwenye joto la nyuzi 103 hivi, ukikiangalia, mpaka uzito wake usipungue tena. Ikiwa kilikuwa gramu 260 na sasa ni 200, maji yaliyotoka ni gramu 60, na 60 ukigawanya kwa 200 unapata asilimia 30: rundo bado halijafika. Asiye na oveni aweke alama kwenye ubao mmoja wa katikati, aupime kila wiki, na asubiri hadi uzito utulie kwa wiki kadhaa.

Asiye na nafasi au subira anunue plaiwudi, ambayo tabaka zake nyembamba hugundishwa nyuzi zikipishana, ili kila tabaka lizuie lingine kusinyaa. Ubao wa emudiefu (MDF) huenda mbali zaidi, kwa kuwa mti husagwa hadi nyuzi na kukandamizwa kwa gundi na joto. Mwenye kiwanda cha karatasi, kama kile kilichoanza kazi Webuye mwaka 1974, ana haja tofauti kabisa: yeye hupika vipande vya paini kwa kemikali ili kuyeyusha lignini inayoshikanisha nyuzi, kitu kilekile ambacho seremala anakitegemea kiendelee kushika.

Mbao zikishakauka, ziingize ndani ya nyumba kwa wiki mbili zikiwa bado na vijiti katikati, ndipo fundi azipige randa. Mwambie asikaze uso wa meza kwa misumari na gundi kwenye fremu. Atoboe matundu marefu kidogo kuliko upana wa skrubu, ili uso upate kupanuka wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Vanishi ipakwe juu na chini kwa idadi sawa ya mikono, kwa maana uso wa chini ukiachwa mtupu utavuta unyevu peke yake, na ubao uliokaushwa kwa miezi utaanza kujikunja.