Kabla hujaituma stori ya "mwanamke aliyeua": ninavyoikagua mezani

Wiki iliyopita, saa mbili usiku, kijana wetu mmoja, mwandishi wa mkoani, alinitumia mimi mhariri wake stori yenye kichwa "Mwanamke amuua mumewe kisa wivu wa mapenzi". Nikampigia.

"Dada, umeshaipitisha?"

"Bado, mdogo wangu. Chukua kalamu."

Tulimaliza karibu saa nne. Kesho yake akaniomba niyaandike niliyomwambia kwa sababu nusu ameyasahau. Haya hapa, pamoja na yale ambayo vocha iliisha kabla sijayafikia.

Hatua ya 1: Ichapishe

Usikague kwenye simu. Simu inakuonyesha aya moja moja, na ubaya wa stori hizi hauko kwenye aya moja, uko kwenye jinsi sifa zinavyorundikana: "mrembo" hapa, "mama wa watoto wawili" pale, "anayependa starehe" kule chini. Chukua penseli mbili. Nyekundu ipite juu ya kila neno linaloeleza mwili, ndoa au tabia ya mtu. Ya kijani ipite juu ya kila jambo lililotendeka. Najua kuna programu za kuhariri, msinitumie. Wekundu ukizidi kijani, huna habari bado, una umbea.

Hatua ya 2: Uliza kila "mwanamke" amefuata nini

Kiswahili hakitaji jinsia mpaka utake mwenyewe. "Alikamatwa", "anahojiwa", "atafikishwa mahakamani": hapo hujui kama ni ke au me. Kwa hiyo kila "mwanamke", "kimwana", "mrembo", au "kipusa" wa majirani zetu wa Kenya, ameingizwa kwa mkono wa mtu. Kwenye kichwa cha kijana wetu, "mumewe" lilikwisha kutuambia kwamba anayetuhumiwa ni mke. "Mwanamke" lilikaa pale kutushangaza tu. Geuza uone: mwanamume akishikiliwa kwa kumuua mkewe, nani aliwahi kuandika "Mtanashati amuua mkewe"?

Lakini usifute kila mahali. Lipo kosa ambalo sheria imemwekea mama peke yake. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 210 kule Kenya, kinamhusu mama aliyemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 wakati akili yake haijatulia kwa sababu ya uzazi, na adhabu yake hufuata ile ya kuua bila kukusudia. Ukiandika "mama katili" ukaacha hilo, umeiacha habari nje. Na Wakenya walipoingia barabarani tarehe 27 Januari 2024 kupinga mauaji ya wanawake, neno "wanawake" ndilo lililokuwa habari yenyewe.

Hatua ya 3: Jina la kosa

Mtuhumiwa, mshtakiwa, aliyetiwa hatiani: tofauti yao mnaijua. Angalieni tu kosa liitwe jina lake la siku ile. Elizabeth Michael, "Lulu", alishtakiwa kwanza kwa mauaji, yaani kuua kwa kukusudia, baada ya kifo cha mwigizaji mwenzake Steven Kanumba cha Aprili 2012. Baadaye shtaka likawa kuua bila kukusudia, na kwa hilo Mahakama Kuu ilimpa miaka 2 jela Novemba 2017. Anayemwita leo "aliyefungwa kwa mauaji" anakosea, hata kama ameinakili mahali.

Hatua ya 4: "Chanzo ni wivu wa mapenzi"

Hapa kaeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoungua.

Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye dawati la gazeti moja, ikaingia stori ya mke anayedaiwa kumpiga mumewe kichwani kwa mchi. Mwandishi aliandika kwamba kamanda wa polisi wa mkoa amesema chanzo inadaiwa ni wivu wa mapenzi, uchunguzi unaendelea. Safu ilikuwa nyembamba na maneno hayakuenea. Nikakata "inadaiwa", nikakata "uchunguzi unaendelea". Kichwa kikatoka: "Wivu wamfanya amuue mumewe". Nikaenda kulala.

Baada ya wiki kama mbili alikuja dada yake yule mama, na bahasha. Ndani mlikuwa na nakala tatu za PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, za miezi tofauti ya mwaka mmoja. Jino. Mkono. Mbavu. Yule mama alikuwa amefika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi mara zote tatu. Dada yake hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Huo wivu mliuona wapi?"

Nilitumia siku nzima kuutafuta. Mwandishi alisema kamanda. Nilipompata msaidizi wa kamanda, alisema taarifa ilitoka kituoni. Kituoni walisema majirani. Jirani aliyekuwa ametajwa alisema yeye alisikia kelele tu, neno "wivu" alilisikia kwa askari aliyekuja kuuliza. Mduara mzima, na hakuna aliyekuwa ndani ya chumba kile. Tuliandika masahihisho ya mistari minne ukurasa wa ndani. Kichwa kilikuwa ukurasa wa kwanza.

Tangu siku hiyo ninafanya hivi. Neno "wivu" likiingia mezani namuuliza mwandishi ni nani hasa alilitamka, na yeye alijuaje. Siku ya kwanza marehemu hasemi, na mtuhumiwa yuko mahabusu. Akijibu "kamanda", basi liende na jina la kamanda ndani ya alama za nukuu, likae aya ya nne au ya tano, kamwe lisipande kwenye kichwa. Akijibu "kila mtu anajua", linatoka.

Kama kamanda amesema mtuhumiwa amekiri, msikimbilie kuandika "akiri". Maelezo ya kituoni yanaweza kupingwa mahakamani na kukataliwa, nawe umeshamhukumu mtu mbele ya nchi nzima. Isomeni hati ya mashtaka: inataja nani, wapi, lini, kosa gani. Wivu hamtaukuta humo.

Tena neno hili halimpimi kila mtu kwa kibaba kimoja. Muuaji akiwa mwanamume, "wivu wa mapenzi" linamfunika: alipenda mno, akapandwa na hasira. Akiwa mwanamke, linamvua: ana roho mbaya, alipanga. Na mwanamke akiwa ndiye aliyeuawa, msomaji anaanza kumchunguza marehemu, alikuwa na nani, alirudi saa ngapi. Wakati huohuo sheria ina hesabu zake. Kughadhibishwa ghafla kunaweza kushusha mauaji yakawa kuua bila kukusudia, na kujihami ni utetezi kamili. Ukishaandika "wivu" siku ya kwanza, umechagua upande kabla hata wakili hajapatikana.

"Ugomvi wa kifamilia" nalo silipendi, ingawa linaonekana la kistaarabu. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alifariki Eldoret Septemba 2024 baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Polisi walisema yeye na mpenzi wake wa zamani walikuwa wakizozana juu ya kipande cha ardhi. Sawa, mzozo ulikuwepo. Lakini ukianza na "mzozo", msomaji anaona watu wawili wanavutana, kumbe petroli ilishikwa na mmoja. Anza na petroli, ardhi ifuate.

Je, uandike nini badala yake? Yale yanayohesabika: walitengana lini, kuna taarifa ngapi polisi, nani aliitwa kusuluhisha, kulikuwa na kesi ya talaka au hakukuwa. Piga simu Dawati la Jinsia kabla ya kumpigia jirani. Wakikataa kusema, andika kwamba umewauliza.

Hatua ya 5: Picha, na uso

Msichukue picha Instagram. Nikiulizwa kwa nini, namtaja Ruth Kamande. Alimuua mpenzi wake Nairobi Septemba 2015 kwa kumchoma kisu mara 25, akajitetea kwamba alikuwa akijihami, mahakama haikukubali, na Julai 2018 akahukumiwa kifo. Habari ilizunguka dunia kwa jina la "malkia wa urembo". Taji lenyewe alivishwa 2016, katika mashindano ya ndani ya gereza la wanawake la Lang'ata, akiwa mahabusu kwa kesi hiyohiyo. Msomaji wa mbali alielewa kwamba mlimbwende fulani alitoka jukwaani akaenda kuua. Tarehe moja tu ingemnyoosha.

Uso wa kizimbani nao una mtego. Kwetu, kesi ya mauaji huanzia mahakama ya chini isiyo na mamlaka ya kuisikiliza, kwa hiyo mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote. Nimeshapokea stori imeandikwa "alikaa kimya bila kuonyesha majuto". Ameambiwa asijibu! Akilia tunaandika machozi ya mamba, asipolia tunaandika moyo wa jiwe. Ya machozi yaacheni.

Hatua ya 6: Rudi siku ya hukumu

Andika tarehe ya kesi kwenye kalenda ya ukutani, siyo ya simu. Mtangazaji wa Kenya, Jacque Maribe, alishtakiwa 2018 pamoja na Joseph Irungu kwa mauaji ya Monica Kimani. Tarehe 9 Februari 2024 Maribe aliachiwa huru, Irungu akatiwa hatiani. Ukimpa mtu ukurasa wa kwanza alipokamatwa, mpe na huo wa kuachiwa.

Kichwa cha kijana wetu kilitoka hivi: "Polisi wamshikilia mke kwa tuhuma za kumuua mumewe". Akalalamika kwamba hakina mvuto. Nikamwambia mvuto autafute kwenye aya ya pili, ambako alikuwa amepata kitu ambacho wenzake hawakupata: mjumbe wa mtaa aliyewasuluhisha mara mbili mwezi huo. Alikuwa amemfukia aya ya kumi na moja, chini ya rangi ya gauni.

Akaituma upya saa nne kasoro. Nikaifungua: picha ni ileile ya Instagram, mdomo umechongolewa, miwani kichwani. Ikabidi nimpigie tena.