Jinsi ya kugeuza utafiti mpya kuwa kipindi cha podikasti

Mwongozo huu ni kwa anayetengeneza podikasti ya sayansi kwa Kiswahili, hasa anayefanya kazi peke yake. Mfano wangu ni chanjo ya malaria ya R21/Matrix-M. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, na matokeo ya jaribio lake la awamu ya tatu yakachapishwa katika jarida la The Lancet Februari 2024.

Hatua ya 1: Soma utafiti wenyewe

Usiishie kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Anza na sehemu ya mbinu, utafute waliochunguzwa ni nani, walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani na walifuatiliwa kwa muda gani. Kwa R21, walikuwa watoto zaidi ya 4,800 wa miezi 5 hadi 36, katika vituo vitano vya Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Kundi la kulinganisha lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Litaje hilo hewani, maana msikilizaji huuliza kama wale wengine waliachwa hivi hivi.

Hatua ya 2: Tafuta namba inayomhusu msikilizaji wako

Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko popote. Vichwa vingi vya habari vilibeba kinga ya asilimia 75. Namba hiyo ni ya kweli, ila ilitoka kwenye vituo ambako malaria huja kwa msimu na watoto walichanjwa msimu ukikaribia, kinga ikawa juu wakati mbu wamezidi. Kilifi na Bagamoyo walichanja bila kufuata msimu. Kwa vituo vya aina hiyo, kinga katika mwaka wa kwanza ilikuwa asilimia 68. Mama wa Tanga au Malindi anastahili kuisikia hiyo 68.

Kisha igeuze asilimia iwe watoto. Wengi husikia "asilimia 75" wakadhani watoto 25 kati ya 100 wataugua. Sivyo. Maana yake ni kwamba wanaougua hupungua kwa asilimia 75 wakilinganishwa na wasiochanjwa. Sema hivi: "Tuchukulie kijiji ambacho, bila chanjo, watoto 40 kati ya 100 wangeugua malaria mwaka huu. Wakichanjwa, wangeugua kama 10." Sema wazi kwamba kijiji hicho ni cha mfano, halafu urudie hesabu mara ya pili, taratibu. Anayesikiliza akiwa kwenye daladala hawezi kurudi nyuma kusoma.

Hatua ya 3: Hoji watu wawili

Mmoja awe ameshiriki utafiti, mwingine awe mtaalamu wa fani hiyo asiyehusika nao. Wote waulize: "Ni kipi ambacho utafiti huu haujakijibu?" Wakikujibu kwa istilahi, omba wakueleze kama wanavyomweleza mzazi kliniki. Unapohariri, ukate swali lako, ubakize jibu.

Hatua ya 4: Rekodi

Simu inatosha. Chagua chumba kidogo chenye nguo na godoro, uzime feni, uweke simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni.

Hatua ya 5: Hakiki kabla ya kurusha

Msomee mtafiti sentensi zenye namba tu, ahakikishe ziko sawa. Usimpe muswada mzima auhariri. Kipindi ni chako. Kwenye maelezo ya kipindi andika tarehe ya utafiti kuchapishwa, na matokeo mapya yakitoka, rekodi nyongeza fupi uiweke mwanzoni mwa kipindi kilekile.