Gitaa la umeme likikwaruza au kukatakata sauti, anzia hapa

Wapigaji wengi huniletea gitaa wakisema pikapu, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, imekufa. Mara nyingi pikapu ni nzima. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, haina kinachosogea, na hudumu miaka mingi. Kinachochakaa ni kile tunachokichomeka, kukichomoa na kukizungusha kila siku. Kwa hiyo fuata njia ya sauti kipande kwa kipande, bisibisi itoke mwisho. Inaniuma kuona gitaa zuri limechomwachomwa ndani bure, kumbe kosa lilikuwa kwenye waya.

Hatua ya 1: Waya

Weka kando pedali zote, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti. Punguza sauti ya amplifaya, kisha chomeka gitaa moja kwa moja kwa waya mmoja. Piga uzi mmoja huku ukikunja waya taratibu karibu na vichwa vyake, kwenye zile sentimita chache za mwisho. Hapo ndipo nyaya hukatikia ndani bila kuonekana nje. Sauti ikija na kutoweka, umempata mkosaji. Mwenye multimita (kipima umeme) aiweke kwenye mlio, apime ncha ya kichwa kimoja kwa ncha ya kingine, halafu shina kwa shina: ilie. Ncha kwa shina: inyamaze. Pima huku unaukunja, la sivyo waya mbovu utafaulu mtihani.

Hatua ya 2: Amplifaya

Jaribu gitaa lingine. Kama nalo linakatika, tatizo liko upande wa amplifaya. Ikiwa ina matundu mawili ya kupeleka na kurudisha sauti ya pedali, unganisha tundu moja na jingine kwa waya mfupi. Sauti ikirudi, ujue kigusio cha ndani ya tundu la kurudishia kimeshika uchafu. Ingiza na kutoa kichwa cha waya mara kadhaa amplifaya ikiwa imezimwa.

Usiifungue zaidi ya hapo, hasa ya valvu (ile yenye taa za kioo ndani). Kapasita zake hushika mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani, na umeme huo unaua. Mpe fundi. Na amplifaya ya valvu usiiwashe kamwe bila spika, utaunguza transfoma.

Hatua ya 3: Jeki ya gitaa

Jeki ni tundu la gitaa la kuchomekea waya. Hapa ndipo ninapokuta makosa mengi kuliko kwingine. Shika kichwa cha waya kikiwa kimechomekwa, kitikise. Jeki ikizunguka pamoja nacho, nati imelegea. Kosa la kawaida ni kuikaza kwa spana kutoka nje na kuondoka: jeki yote inageuka ndani, nyaya zake zinasokotwa mpaka zinakatika. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo dakika chache kabla ya kupanda jukwaani, na gitaa likazima katikati ya wimbo wa pili.

Fungua kibamba chake, shika jeki kwa ndani kwa vidole au koleo, ndipo ukaze nati. Ukiwa hapo tazama ule ulimi wa chuma unaogusa ncha. Ukiwa umelegea, uinamishe kidogo tu kuelekea katikati.

Waya ukiwa umeng'oka, lehemu upya. Tandika kitambaa juu ya bodi kwanza, kwa sababu tone moja la risasi ya kulehemu huacha kovu kwenye rangi. Pasha chuma cha kulehemu hadi nyuzijoto 350 za Selsiasi hivi, pasha sehemu yenyewe, kisha leta risasi iyeyuke hapo. Sekunde 2 au 3 zinatosha. Waya wa sauti uende kwenye mguu ulioungana na ulimi, wa ethi (ardhi) kwenye mguu ulioungana na pete.

Hatua ya 4: Volyumu na toni

Ikikwaruza pale tu unapozungusha, ni uchafu. Puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye upenyo wa volyumu, izungushe mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30, acha ikauke. Dawa ya kulegeza kutu haifai, huacha mafuta yanayokusanya vumbi. Ikigoma, badilisha volyumu au toni yenyewe: kwa kawaida kilo-omu 250 kwa pikapu za koili moja, 500 kwa hambaka (pikapu ya koili mbili).

Hatua ya 5: Mvumo

Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, ethi ya gitaa imeungana hadi kwenye nyuzi. Ukiongezeka, rudi kwenye jeki, huenda nyaya zimebadilishana. Pikapu ya koili moja huvuma kwa asili yake. Geuza mwili wako mbali na transfoma ya amplifaya uone mvumo unavyoshuka. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliomba hataza ya hambaka mwaka 1955 kwa sababu hiyo hiyo: koili mbili zinazofuta mvumo wa kila moja.

Lakini ukihisi umeme kwenye vidole, au kwenye midomo ukigusa maikrofoni, acha kupiga papo hapo. Usiguse vyote viwili kwa pamoja. Zima, chomoa, umwite fundi wa umeme akague ethi ya soketi na amplifaya.

Gitaa likitulia, rudisha pedali moja moja huku ukipiga uzi ule ule. Itakayorudisha kelele, anza na waya wake mfupi na adapta yake.