Namna ya Kuitazama Waterworld kwa Jicho la Baharia

Filamu ya Waterworld, iliyotoka Marekani tarehe 28 Julai 1995, imezungumzwa zaidi kwa gharama yake kuliko kwa yale yaliyomo ndani yake. Bajeti yake ilifika takriban dola milioni 175, ikawa filamu ghali kuliko zote zilizokuwa zimetengenezwa hadi siku hiyo, na watazamaji wengi waliingia sinemani wakiwa wameshaihukumu. Ninapendekeza njia nyingine ya kuitazama. Itazame kama mzee wa pwani anavyotazama chombo kigeni kikiingia bandarini: kwanza huangalia tanga, kisha kamba, kisha mikono ya aliyeshika usukani, na uso wa nahodha huwa wa mwisho. Nguvu ya filamu hii imo katika vitu vilivyoundwa na kazi inayofanywa kwa mikono, na mtu anayefuata mkasa peke yake hupitwa na sehemu iliyo bora kuliko zote.

Jambo la kwanza ni kuchagua toleo. Toleo la sinema lina dakika 135, na lipo toleo refu linalokaribia saa tatu ambalo lilirudisha vipande vilivyokatwa. Kwa mara ya kwanza tazama lile fupi, kwa sababu mwendo wake umebana na bahari haikuchoshi. Toleo refu lifuate baadaye, kwa kuwa ndilo linaloonyesha vizuri jinsi watu wa ngome ya kuelea wanavyoishi, na ndilo linalojibu swali kubwa la mwisho. Kama kuna watoto nyumbani, zingatia kwamba Marekani iliipa filamu hii daraja la tahadhari kwa walio chini ya miaka 13. Imo damu, yamo mauaji, na yamo maneno mazito kuhusu wanawake. Tafuta kioo kikubwa kadiri uwezavyo na uongeze sauti. Mlio wa mbao, minyororo na maji umefanyiwa kazi ya makini, na sauti ya filamu hii iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Dakika kumi za mwanzo zinahitaji utulivu. Nembo ya kampuni ya Universal, ile ya tufe la dunia, inageuka mbele ya macho yetu: barafu ya ncha za dunia inayeyuka, mabara yanamezwa, na tufe lote linabaki buluu. Kisha tunashushwa kwenye sitaha ya mashua moja, ambako mwanamume anayejulikana kwa jina la Baharia tu, aliyeigizwa na Kevin Costner, anakojoa ndani ya chombo, anaumimina mkojo katika mtambo wa kuchujia uliotengenezwa kwa mabomba na makopo, anazungusha mkono wa mtambo, na maji yanayotoka anayanywa. Funda la mwisho analisukutua, halafu analitema kwenye shina la mndimu mdogo uliopandwa ndani ya kopo.

Simamisha filamu hapo. Baharia hajasema hata neno moja, lakini tumeshaambiwa kila kitu kuhusu ulimwengu huu: maji ni mengi kupita kiasi na ya kunywa hayapo, hakuna tone linalotupwa, na mmea mmoja unalindwa kuliko dhahabu. Mndimu nao haukuwekwa pale kwa ajili ya rangi. Watu wa safari ndefu za bahari waliuawa kwa karne nyingi na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C unaotoa damu kwenye fizi na kulegeza meno, na daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, alipowajaribia mabaharia wagonjwa dawa mbalimbali mwaka 1747, waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Anayeujua mkasa huo huuona mti ule kuwa ndio uhai wa mwenye chombo. Naongeza onyo la kawaida: mtambo wa namna ile ni wa sinema. Kuchuja peke yake hakuondoi chumvi wala taka zilizoyeyuka ndani ya mkojo, kwa hiyo mtu asijaribu.

Mara tu baada ya hapo Baharia anakutana na mpita njia mwingine wa baharini, na tunajifunza mila: wasafiri wawili wakikutana lazima wabadilishane kitu. Yule mwenzake anamwibia ndimu Baharia akiwa amezama chini ya maji, na Wavutaji, ambao ndio maharamia wa filamu hii, wanapotokea kwa mbali na pikipiki zao za majini, Baharia anajiokoa, kisha anauvunja mlingoti wa mwizi na kumwacha hana tanga mbele ya adui. Filamu haitoi maelezo, lakini kila aliyewahi kusafiri kwa upepo anaelewa kwamba kumvunjia mtu mlingoti ni kumhukumu kifo. Kumbuka tendo hilo kila utakapoanza kumpenda Baharia kupita kiasi.

Sasa iangalie mashua yenyewe. Ni chombo chenye miili mitatu, aina iitwayo trimarani, na urefu wake ni karibu mita 18. Kampuni ya Jeanneau ya Ufaransa iliunda mbili: moja ya kugeuka umbo mbele ya kamera na nyingine ya kukimbia kwa kweli baharini. Msomaji wa pwani yetu hapaswi kuiona kama kitu cha ajabu, maana wazo lake ndilo la ngalawa: mwili mwembamba katikati unaokata maji, na matengo pande zote mbili yanayouzuia usipinduke. Ngalawa ya Kizimkazi na mashua ya Baharia ni ndugu wa mbali, na mvuvi wetu angejua akae wapi upepo ukigeuka ghafla.

Kipande cha kurudia mara mbili au tatu ni kile ambapo chombo kinageuka. Kwanza kinaonekana kama lundo la vyuma chakavu linalosogea polepole, namna ya kumfanya mwizi asikitamani. Kisha Baharia anaanza kazi: anafungua, anavuta, anakimbia kutoka omo hadi tezi, mlingoti unarefuka kwenda juu, tanga linakunjuka na kujaa, na lundo lile linakuwa mshale. Mara ya kwanza tazama chombo chote; mara ya pili fuata mikono yake peke yake, uone kila kamba inatoka wapi na inapita kwenye kapi gani. Mpiga picha mkuu, Dean Semler, aliielewa raha hiyo na hakuikatakata. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipande bora cha filamu nzima, na muziki wa James Newton Howard unakibeba bila kukifunika.

Ngome ya kuelea, ambako Baharia anakwenda kuuza udongo, haikuchorwa kwa kompyuta. Ilijengwa kwa chuma, ikapata uzito wa takriban tani 1,000, ikaelea katika maji ya Kawaihae kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii. Upepo na mawimbi vilichelewesha kazi siku baada ya siku, na pande moja la mandhari lilizama wakati wa upigaji picha. Gharama ile inayosemwa sana ilitoka kwa sehemu kubwa humo: mkurugenzi Kevin Reynolds na wenzake walipiga picha juu ya bahari ya kweli, na bahari haiwekwi ratiba. Ukiyajua hayo, tazama maji yanavyotikisa kila kitu nyuma ya waigizaji hata wanapozungumza tu. Tazama pia mazishi yaliyo karibu na mwanzo, ambapo mwili wa bibi kizee unashushwa katika tope ili uwe mbolea. Udongo ni fedha pale, na marehemu anarudishwa kwenye hazina ya wote kwa dua fupi. Hapo ndipo ninapoiona filamu ikifikiri kwa kina kuliko ilivyosifiwa.

Kabla ya kufika nusu ya pili, soma kidogo kuhusu meli ya mafuta ya Exxon Valdez. Usiku wa tarehe 24 Machi 1989 meli hiyo ilikwama mwambani katika ghuba ya Prince William Sound huko Alaska, ikamwaga lita zipatazo milioni 41 za mafuta ghafi, na ndege wa baharini wakafa kwa wingi usiohesabika vizuri. Katika filamu, kundi la Wavutaji linaishi ndani ya meli hiyohiyo iliyooza, linapiga makasia makubwa kuisogeza, na picha ya nahodha wake wa zamani inaheshimiwa kama ya mtakatifu. Mtazamaji wa mwaka 1995 alilitambua jina lile upesi. Wa leo akilikuta bila maandalizi atadhani ni jina la kubuni, naye ataupoteza uchungu wote wa kuona watu wa mwisho wa dunia wakiteketeza mabaki ya mafuta yaleyale ili kuwawinda wenzao.

Kisha kuna hesabu ya bahari, ambayo nashauri ifanyike mezani, hasa kama umekaa na wanafunzi. Chukua glasi mbili za maji. Katika ya kwanza weka mapande ya barafu yaelee, utie alama ya wino pale maji yalipofika. Katika ya pili weka jiwe linalochomoza juu ya maji, tia alama, halafu pandisha barafu juu ya jiwe. Barafu ikiisha kuyeyuka, glasi ya kwanza itabaki kwenye alama yake na ya pili itapanda. Ndivyo ilivyo duniani: barafu inayoelea katika bahari ya kaskazini haiongezi kina kwa kiasi cha kuonekana, bali ile iliyokaa juu ya nchi kavu ndiyo inayoongeza. Ya Greenland yote ikiyeyuka, bahari itapanda kwa karibu mita 7, na ya Antaktika kwa karibu mita 58. Jumla haivuki mita 70 au karibu yake, ilhali mlima Everest, ambao katika filamu umebaki kilele tu juu ya maji, una mita 8,849. Filamu imetia chumvi mara mia na zaidi. Hata hivyo usiwaache wanafunzi na kicheko hapo. Mita 7 tu zinatosha kuingia mitaa ya Lamu na sehemu kubwa za Mji Mkongwe wa Unguja, ingawa Dodoma ingebaki kavu kabisa.

Kuna udhaifu ambao sitauficha. Deacon, mkuu wa Wavutaji aliyeigizwa na Dennis Hopper, amepewa vichekesho vingi mno, na hofu aliyotakiwa kuileta inavuja. Helen, aliyeigizwa na Jeanne Tripplehorn, anaanza akiwa mwanamke mwenye akili na uamuzi, lakini hadithi inamsukuma pembeni kadiri inavyoendelea. Baharia anawatendea ukatili yeye na Enola, mtoto anayemlea, mle chomboni, na filamu inausamehe haraka kuliko inavyostahili. Tina Majorino, aliyemwigiza Enola akiwa mtoto mdogo, ndiye anayeishikilia sehemu ya katikati. Angalia jinsi anavyochora kwa rangi kwenye mbao za chombo cha mtu asiyependa kuguswa kitu chake, na jinsi Baharia anavyobadilika siku anapomfundisha kuogelea.

Unapofika mwisho, ondoa macho kwenye mandhari ya majani na uyaelekeze kwenye miguu ya Baharia. Watu wote wanashangilia Nchi Kavu waliyokuwa wakiitafuta, maji matamu na farasi wanaokimbia, ila yeye hatulii, kwa sababu ardhi haimtikisi. Mabaharia wanaoshuka baada ya safari ndefu wanalijua jambo hilo, kwamba nchi kavu huonekana kuyumba kwa aliyezoea mawimbi. Ukiwa na toleo refu, usizime mapema: lipo bamba dogo linalowakumbuka Edmund Hillary na Tenzing Norgay, waliofika kileleni mwa Everest tarehe 29 Mei 1953. Usimwambie mapema unayetazama naye. Mwache asome mwenyewe bamba lile, ndipo umuulize anafikiri wamesimama wapi.