Gari limezimika kwenye maji na injini haizunguki: anza na plagi, si swichi

Gari likizima katikati ya dimbwi, mkono wa dereva hurudi kwenye swichi wenyewe. Uzuie. Piston imeundwa kubana hewa, na maji hayabaniki. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST, Vitz na Probox nyingi ina silinda za takriban sm³ 374 kila moja, lakini piston ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama mililita 39 tu. Vijiko vitatu vya chakula vya maji vinatosha kuigomesha. Dizeli ni mbaya zaidi: silinda ya 1HZ ya Land Cruiser ni kubwa karibu mara mbili ya hiyo, ila nafasi ya juu haifiki mililita 35. Maji yakizidi hapo, kinachopinda ni konekting rodi, chuma kinachounganisha piston na kranki (shafti kuu ya injini).

Kusukuma gari ili kulishtua ni hatari kuliko stata, maana uzito wote wa gari unaishia kwenye rodi hiyo hiyo. Livute hadi pakavu likiwa nyutro, kisha fungua waya hasi wa betri kwa spana namba 10. Kama ni haibridi, mfano Aqua au Prius, ishia hapo na umwite fundi wa umeme wa magari hayo. Nyaya za rangi ya chungwa si za kujaribia.

Sasa tafuta maji yalifika wapi. Fungua boksi la chujio la hewa. Chujio kavu ni habari njema: huenda tatizo ni la umeme tu. Likiwa limelowa, fungua na bomba linaloelekea kwenye throto (mlango wa hewa wa injini). Ukikuta matone au tope humo, chukulia kwamba maji yameingia kwenye silinda hadi uthibitishe vinginevyo.

Kisha oili. Kijiti cha kupimia kinaweza kukudanganya, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na gari likikaa yanatulia chini ya sampu (beseni la oili chini ya injini). Legeza nati ya kumwagia oili polepole (Toyota nyingi ni namba 14) na uangalie kinachotangulia kutoka. Yakitoka maji, au oili ya rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote. Usizungushe injini na oili hiyo.

Baada ya hapo toa plagi zote. Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) kwanza ili petroli isimwagwe, fungua koili zinazopeleka umeme kwenye plagi (bolti namba 10), halafu plagi kwa soketi namba 16. Baadhi ya injini mpya hutumia 14. Kwenye dizeli toa hita plagi au nozeli. Zipange plagi kwa mpangilio wa silinda: iliyolowa inakuonyesha silinda iliyomeza maji.

Weka soketi kwenye bolti ya puli ya kranki na uzungushe kwa mkono, kuelekea mkono wa saa kwa injini nyingi (Honda kadhaa za zamani huzunguka kinyume). Gia iwe nyutro. Zungusha duru mbili kamili, taratibu. Ikizunguka bila kukwama, mimina oili mpya kijiko kimoja cha chai kwenye kila silinda, jaza oili mpya kwenye sampu, rudisha betri, kisha piga stata sekunde tano. Kaa mbali na matundu ya plagi. Maji hutoka kwa kasi ya kuumiza jicho. Rudia hadi matundu yawe makavu.

Isipozunguka na plagi zimetoka, usirefushe spana kwa bomba. Toa fani belti ujaribu tena, kwani oltaneta au kompresa ya AC iliyoshika inaweza kuifunga injini nzima. Toa na stata pia, bendiksi yake (gia ndogo ya kuzungusha injini) huweza kunasa kwenye flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya kranki. Gari lililokaa wiki kadhaa baada ya mafuriko huwa na ringi zilizoshikwa na kutu: changanya ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) na dizeli nusu kwa nusu, mimina mililita 30 hadi 50 kwa kila silinda, acha siku moja au mbili, kisha tikisa kranki mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikigoma bado, sampu na silinda hedi vifunguliwe.

Injini ikizunguka kwa mkono lakini stata inalia “ta” moja tu, shida ni stata yenyewe au nyaya zake. Inakaa chini, tope huingia kwenye kaboni. “Ta-ta-ta-ta” ya haraka ni betri: ikiwa imejaa hupima volti 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ukimya kabisa ni fyuzi, rilei, au kontrol boksi iliyolowa.

Usirudishe plagi kabla ya kupima rodi. Ingiza kijiti kirefu kisichokatika kwenye kila tundu, zungusha kranki kwa mkono, weka alama piston inapofika juu kabisa. Silinda ambayo alama yake iko chini ya wenzake kwa milimita moja au zaidi ina rodi iliyopinda. Kipimo cha kompresheni kithibitishe: kwa injini ya petroli kama 1NZ, tofauti kati ya silinda ikizidi PSI 15, usiwashe. Injini yenye rodi iliyopinda inaweza kuwaka na kutembea miezi, kisha itoboe bloki siku ya safari.

Vipimo vikiwa sawa, kausha koili na soketi za nyaya kwa upepo wa kompresa, weka chujio jipya la hewa, washa. Ukisikia “ko-ko-ko” zima papo hapo. La sivyo iache silensa (iungurume bila kukanyaga mafuta) dakika kumi, mwaga oili, badilisha filta ya oili, jaza tena. 1NZ huchukua lita 3.7. Rudia hadi weupe wa oili uishe. Ukifika hapo, kagua gia boksi na difu pia: maji huingia kupitia vipumulio vyake, na ATF iliyogeuka rangi ya waridi yenye povu ikitembezwa hata siku moja huharibu klachi za gia.